Mwonja Majivu wa Garsen

Mtu akikuambia majivu hayana ladha, basi hajawahi kukaa kibanda kimoja na Job Komora.

Kibanda chenyewe kiko Garsen, nyuma ya soko la mifugo, pale malori ya mbuzi yanapogeuzia. Mabati yake yana rangi tatu kwa sababu yalitoka katika nyumba tatu. Kila baada ya siku mbili Job huchoma makapi ya mpunga ndani ya pipa lililokatwa nusu, huyaacha yaungue polepole mpaka yawe meusi, kisha huyachekecha kwa chekeche la unga ambalo mkewe Gladys alishachoka kulidai. Halafu hufanya jambo linalowasimamisha wapita njia. Huchovya kidole kwenye majivu, hukipeleka ulimini, hufumba macho. Hungoja. Hutema mate pembeni.

“Matamu,” husema.

“Twende kazi!” Dan alikuwa akimjibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye nyaya zake. Dan ni kaka yake Gladys, na kwa miaka mitatu jibu hilo halikukosekana hata siku moja.

Kuonja huko Job hakukuokota njiani. Amezaliwa Kau, karibu na mdomo wa mto Tana, ambako mashamba ya mpunga hunyweshwa na mto wenyewe. Bahari ikijaa husukuma maji ya mto nyuma, yakapanda na kuingia mashamba kwa mifereji. Mkulima ndiye anayeamua kama atafungua tuta lake au atalifunga, na huamua kwa ulimi. Baba yake Job alikuwa akiinama ukingoni, anateka maji kwa kiganja, anaonja. Matamu, fungua. Ya chumvi, funga upesi. Ukafika mwaka ambao kila akionja ni chumvi, leo chumvi, kesho chumvi. Mpunga ukafa umesimama. Job akamchukua mkewe na binti yao Valentine, akapanda nao mpaka Garsen kutafuta kazi yoyote.

Mji ulimpokea kama unavyowapokea wote wanaofika bila kitu. Ulimpa kazi lakini haukumpa jina. “Muite yule wa Kau.” “Mwambie yule wa Kau akwangue kutu.” Nyumbani ni Baba Valentine, na hilo alilipenda. Lakini huko nje, kati ya wanaume wenzake, hakuna aliyetamka jina lake, na jambo hilo lilimwasha kuliko jua la Tana. Hakuomba utajiri. Alitaka siku moja, kwa kazi ya mikono yake, watu waseme: hii ni ya Job Komora. Hamu hiyo si kubwa, na mtu anayemnyima mwenzake kitu kidogo kama hicho ana la kujibu.

Wa kwanza kumwita kwa jina alikuwa Duba, Muorma mwenye lori la mifugo. Mwaka mmoja wa ukame mkali ng'ombe walikuwa wamedhoofika, wakipanda lorini miguu inateleza juu ya chuma, anaanguka mmoja na wenzake wanamkanyaga. Job alikuwa ameshajijengea kibanda cha kupaka rangi malori; Duba akaja hapo akiwa amepoteza wanne katika safari moja.

“Komora, mimi nataka hii chini ya lori ishike mguu,” alisema. “Mchanga nimeweka, unamwagika. Nyasi nimeweka, wanakula.”

Job alichanganya gundi, unga wa tairi kuukuu na majivu ya makapi, akapaka. Makapi ya kwanza aliyatoa Kau, kwa ndugu zake. Mvua moja tu, sakafu yote ikavimba malengelenge na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na maji moto. Job alibandua kipande, akakilamba. Chumvi. Ile ile iliyomfukuza kwao ilikuwa imemfuata ndani ya makapi, na chumvi huvuta maji hata ikiwa imefunikwa. Tangu hapo makapi yakatoka Kinakomba, kwa shangazi yake, mbali na bahari, na Duba akawa anayabeba bure kila anaposhuka na mbuzi. Na tangu hapo hakuna majivu yaliyoingia kwenye gundi kabla ya kupita juu ya ulimi wa Job.

Kisha akaja Dan.

Dan alilelewa na mjomba wao Malindi, akasoma chuo, akatoka na cheti cha umeme na suruali iliyopigwa pasi. Kazi hakupata. Job akamkatia kona ya kibanda, akamtengenezea meza. Hapo Dan akaanza kutengeneza malori madogo ya rimoti, urefu wa mkono hadi kiwiko, kwa injini za mashine mbovu na betri za simu. Yalikwenda kwa kasi ya kuku aliyefukuzwa. Tabu ilikuwa bodi, ganda la nje. Job, ambaye baba yake alikuwa pia mchonga mitumbwi, alichonga umbo la lori kwa mbao ya mwembe. Wakakata madumu ya maji ya kunywa, yale makubwa yanayopitisha mwanga, wakayalainisha juu ya makaa na kuyakandamiza juu ya umbo. Bodi ikatoka safi kama kioo, ila ilipasuka mara ya kwanza lori lilipobingirika.

“Shemeji,” Dan alisema, “ile dawa ya lori la Duba haiwezi kukaa humu?”

Ilichukua miezi. Bodi ya lori dogo hupakwa ndani, siyo nje. Rangi unayotaka ionekane ndiyo unayoanza nayo, na dawa huja mwisho, mgongoni mwa rangi, mahali ambapo mtazamaji hafiki. Ukiipaka nene mara moja inapasuka. Job aliipuliza nyembamba, akaiacha ikauke, akapuliza tena, mara tano, mpaka ndani ya bodi pakawa na vipele vigumu kama mgongo wa mamba. Lori la kwanza walilipaka buluu. Walilipeleka kwenye ziwa lililokauka nje ya mji, Dan akalirusha ukingoni makusudi. Likabingirika mara tatu kwenye mawe, likatua kwa magurudumu, likaendelea na safari kama halikusikia kitu.

Vijana walipiga mayowe. Dan alimkumbatia Job mbele ya watu wote. “Tutaiita Mamba!” alipaza sauti. “Mimi mashine, shemeji bodi. Nusu kwa nusu mpaka kaburini!”

Hawakuandikiana. Nani huandikiana na kaka wa mkewe?

Mwaka jana yakatangazwa maonyesho ya ubunifu Malindi. Job alifua shati lake jeupe, Gladys akalipiga pasi kwa makaa. Usiku Job aliandika kwenye karatasi maneno mawili matatu ya kusema, akayasoma mbele ya Valentine, naye akamcheka kwa sababu alianza na “waheshimiwa” mara mbili. Siku mbili kabla ya safari, Dan akaingia na uso mzito.

“Yameahirishwa, shemeji. Mpaka mwezi ujao. Hawa watu hawana mpango.” Alikuwa akifunga begi. “Mimi naenda Malindi kumwona mjomba, na nitabeba lori la buluu nimwonyeshe.”

“Msalimie,” Job alisema, na shati likarudi kwenye msumari.

Jumatatu Duba alishuka kwenye lori lake akaja moja kwa moja kibandani. Hakuketi, hakuomba chai. Alisimama akigeuzageuza simu mkononi.

“Komora, mimi nilipeleka mbuzi Malindi Jumamosi. Wewe ulisema ile mambo iko mwezi ujao?”

“Imeahirishwa.”

“Haikuahirishwa. Mimi niliona na macho yangu. Nikasema, labda macho imechoka, nikachukua na simu.”

Kwenye kioo cha simu alikuwepo Dan, juu ya jukwaa, kipaza sauti mkononi, lori la buluu kifuani. Mwanamke mmoja, mwalimu wa klabu ya ufundi ya shule, alimuuliza siri ya ugumu wa bodi. “Ni mchanganyiko niliougundua mimi mwenyewe,” Dan alijibu. “Nimeuita Mamba.” Mwanamke akauliza kama anafanya kazi peke yake. Dan akacheka, kicheko chake kile kizuri. “Niko na kibarua mmoja kule Garsen, wa kunikorogea. Mzee wa kijijini tu. Yeye kazi yake ni kulamba majivu!”

Ukumbi mzima ukacheka pamoja naye.

Job aliomba kuitazama tena. Duba akamwonyesha. Aliomba mara ya tatu, Duba akaiweka simu mfukoni.

“Basi,” alisema. “Hii si maji ya kunywa, hata uifuate mara ngapi haikati kiu.”

Kuna wizi unaovunja mlango, na mtu huweza kupiga kelele majirani wakaja. Lakini aliyeibiwa na mtu anayekula naye sahani moja hupigia nani kelele? Job hakupiga. Aliokota chekeche akalichekecha tupu, halina kitu ndani, mpaka Gladys alipokuja na chakula cha mchana akamkuta bado analitikisa.

Dan alirudi na bahasha ya hongera na oda ya bodi arobaini kwa ile klabu ya Malindi. Alipoona jinsi Job anavyomtazama, hakukana. Hilo lilimuumiza Job kuliko kukana.

“Shemeji, elewa. Kule watu wanataka sura moja. Ukienda na mambo ya sijui mchonga mitumbwi, sijui makapi, wanakuona mshamba.”

“Uliniita kibarua.”

“Ilikuwa mzaha!”

“Uliniambia yameahirishwa. Hiyo pia mzaha?”

Dan alishika lori la buluu, akaligeuza tumbo juu. “Tazama. Mamba hukaa ndani, shemeji. Mtu hununua anachokiona. Hakuna anayenunua ndani.”

Gladys alikuwa mlangoni. “Dan,” alisema taratibu, “huyo unayemwita kibarua ndiye aliyekupa meza. Hata hiyo misumari iliyoishikilia aliinyoosha yeye.”

“Dada, usiingie. Haya ni mambo ya biashara.”

“Biashara ya nani?” aliuliza Gladys, na Dan akajifanya anatafuta bisibisi.

Majivu yaliyokuwepo yasingetosha bodi arobaini, na lori la Duba lilikuwa juu kule Kinakomba, halijashuka na makapi. Dan hakutaka kungoja. Aliwapigia jamaa zake Kau, na baada ya siku mbili magunia matatu yakashushwa mbele ya kibanda. Akachoma mwenyewe, harakaharaka, akachekecha. Job alikuwa ameketi upande wake, hafanyi chochote. Angeweza kuendelea kukaa. Jina lililokwenda jukwaani halikuwa lake, na aibu itakayokuja isingekuwa yake. Aliliwaza hilo, tusimfanye malaika. Aliliwaza kwa muda wa kutosha kulionea haya.

Kisha akainuka, akachovya kidole. Hakuhitaji hata kufumba macho.

“Yana chumvi, Dan. Usiyatumie. Yatavimba mvua ya kwanza.”

Dan alitupa chini mwiko wa kukorogea. “Nilijua! Unataka nichelewe. Umekasirikia ile video, sasa unaniletea uganga wa kulamba.”

“Si uganga. Sakafu ya lori la Duba mara ya kwanza iliharibika hivi hivi. Onja mwenyewe.”

“Mimi nimesoma, shemeji. Sili majivu.”

“Mngoje Duba. Wiki moja.”

“Wewe ungoje. Vipimo ninavyo.”

Alipuliza bodi zote arobaini peke yake, akazifunga kwenye maboksi na magazeti. Zilipendeza, nyekundu, kijani, manjano, kila moja inang'aa. Gladys alizitazama zikipakiwa. “Ulimwambia?” alimuuliza mumewe. “Nilimwambia,” alijibu, na wote wawili hawakulala vizuri.

Mvua za Aprili zilipoanza, simu ya Job ililia, namba ngeni.

“Ni Job Komora?”

Alisimama wima, mkono mtupu ukajipangusa kwenye suruali. Sauti ya mtu wa mbali, mtu mwenye heshima, imetamka jina lake lote. “Ndiye,” alisema.

“Mimi ni Mwalimu Bahiya, wa klabu ya Malindi. Bodi zimeharibika zote. Rangi imevimba, inabanduka, wanafunzi wangu wana mashindano wiki ijayo. Bwana Dan amenipa namba yako. Anasema wewe ndiye uliyekosea vipimo.”

Hivyo ndivyo jina la Job Komora lilivyofika Malindi. Palipokuwa na makofi lilisahaulika, na palipotakiwa mtu wa kubeba aibu likakumbukwa mpaka herufi ya mwisho, pamoja na namba ya simu.

Dan alikuwa mezani kwake, hatua nne kutoka pale. Alisikia kila neno. Hakuinua kichwa.

“Umenitaja,” Job alimwambia alipokata simu.

“Ningesema nini, shemeji? Mimi nina jina la kulinda.”

Job hakumgusa. Wapo waliosema baadaye kwamba angempiga walau kofi moja. Alichofanya ni kuvaa lile shati jeupe, kubeba nusu gunia la makapi ya Kinakomba, gundi, unga wa tairi na bomba la kupulizia, na kwenda kupanda lori la Duba.

“Kaa mbele, Komora,” Duba alimwambia. “Nyuma mbuzi wamejaa, na wao hawana shukrani kama watu.” Akafikiri. “Hapana. Wao afadhali.”

Mwalimu Bahiya alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na hakumpa mkono. Bodi zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu. Kupitia plastiki ile safi malengelenge yalionekana kama ugonjwa. Wanafunzi walimzunguka, na mmoja akanong'ona, “Ndiye yule wa kulamba?”

“Ndiye,” Job alisema. “Njoo uone kunavyolambwa.”

Alibandua kipande kutoka kwenye bodi nyekundu, akamnyooshea mwalimu. “Mama, samahani. Weka ulimini.”

“Kwa nini nile rangi?”

“Usile. Gusa tu, halafu teme.”

Mwalimu aliwatazama wanafunzi wake, akaona wanamtazama, akagusa. Uso ukakunjamana. “Chumvi!”

“Makapi haya yametoka Kau, kwetu. Mpunga wa huko unakunywa bahari. Sikuyachanganya mimi, nilimkataza aliyechanganya. Mashahidi wangu ni mke wangu na ulimi wangu, na wote wawili huwezi kuwapeleka jukwaani. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe.”

Akachoma makapi ya Kinakomba uani mwa shule, ndani ya sufuria kuukuu ya jikoni. Wakati yakiungua aliomba chaki. Ubaoni aliandika vipimo vyote: gundi kiasi hiki, unga wa tairi kiasi hiki, majivu kiasi hiki, puliza mara tano, kausha kati ya kila mara. Bahiya alimvuta kando. “Bwana Komora, hii ni mali yako. Mbona unaianika? Kesho kila mtu ataitengeneza.”

“Ndiyo maana. Kikishakuwa cha kila mtu, hakuna atakayesimama mbele ya watu aseme ni chake peke yake.”

Mstari wa kwanza wa ubao aliandika: *Onja majivu kwanza.* Chini kabisa, kwa herufi kubwa zisizonyooka, aliandika jina lake. Wanafunzi walinakili vyote, na jina pia, kwa sababu lilikuwa ubaoni. Kisha wakapanga foleni, kila mmoja akachovya kidole.

“Matamu,” alisema wa kwanza, akashangaa mwenyewe.

Siku tatu alikaa Malindi akikwangua na kupuliza pamoja nao. Siku ya nne Bahiya alimpa mkono.

Alipofika Garsen kona ya Dan ilikuwa wazi. Meza imebaki, misumari ile ile, lakini nyaya na injini zimeondoka, na lori la buluu limechomolewa tumbo. Mashine ameichukua Dan. Bodi ameiacha imening'inia kwenye msumari wa shati.

“Amesema atatuma mtu aje kuichukua,” Gladys alimwambia. “Anasema mlitengeneza pamoja, na bodi bila mashine haiendi popote.”

“Na mashine bila bodi?”

“Nilimuuliza. Akasema ukimnyima atanunua nyingine dukani.” Gladys alifunga khanga yake upya. Macho yake yalikuwa mekundu. “Baba Valentine, ni ndugu yangu. Nitamfanya nini?”

“Humfanyi kitu. Ni ndugu yako.”

“Na kwako ni nani?”

Job alisogea ukutani. Aliitoa bodi msumarini, akapitisha kidole gumba ndani, juu ya vile vipele vigumu. Hakuna kilichobanduka. Akairudisha ilipokuwa.

Mchana ule Duba alishusha gunia jipya. Job akawasha pipa, akangoja makapi yawe meusi, akachekecha. Akachovya kidole, akafumba macho. Mto ulikuwa ndani yake wote, ule wa juu, usiojua bahari.

“Matamu,” alisema kwa sauti, kama alivyozoea.

Akangoja. Nje lori lilikuwa likigeuza, mbuzi wanalia. Akangoja kidogo zaidi, kisha akatema mate na kuanza kukoroga.